Meseji Imeingia kwa Nani?

ATUPELE: Karibuni tena kipindini. Leo ni vile vifaa vya kuchukulia oda mgahawani. Gwamaka kaingia kanuna, hata salamu hakuna.

GWAMAKA: Shikamoo, dada.

ATUPELE: Marahaba. Haya, sema.

GWAMAKA: Jumanne nimekaa pale Mafiat, mgahawa siutaji. Kaja binti na kile kimashine cha mkononi, hana kalamu wala karatasi. Ndizi nyama, anagusa. Chai ya maziwa, anagusa. "Pilipili iwe pembeni?" Anagusa. Hajapiga hata hatua, huko jikoni kishalia krrr, karatasi ya oda imetoka. Nikasema Mbeya tumefika.

ATUPELE: Ubaya uko wapi hapo?

GWAMAKA: Subiri kulipa. Nimeweka lipa namba, nimeweka namba ya siri, hela imekatwa, meseji ninayo. Kimashine chake kinazunguka tu. Ananiambia, "Kaka, kaa kwanza." Nikae! Watu wananitazama kama nimekula bure.

ATUPELE: Kafanya sawa.

GWAMAKA: Dada!

ATUPELE: Kafanya sawa kabisa. Duka langu la Mwanjelwa unalijua. Wanakuja watu na meseji za kughushi, zimepangwa vizuri kuliko za kweli. Hela haijaingia kwangu, mzigo hautoki.

GWAMAKA: Lakini kwangu imetoka! Mtandao ukikwama katikati, mateso yawe ya mteja?

ATUPELE: Yawe ya nani? Ya yule binti, akatwe jioni hesabu zisipofika?

GWAMAKA: Yawe ya mwenye mgahawa! Oda inaweza kusubiri mtandao. Kifaa kizuri kinaitunza humo humo, Wi-Fi ikirudi kinaituma jikoni. Hata EFD, zile mashine za risiti za kodi, tumezianza 2010, mtandao ukikata inatoa risiti, inatunza taarifa, TRA wanazipata baadaye. Malipo ya simu hayana namna hiyo, lazima upande wa pili ujibu. Sasa aliyenunua kifaa angeweka laini ya pili.

ATUPELE: Ukaishia vipi?

GWAMAKA: Binti kasema nimtumie kwenye namba yake ya kawaida.

ATUPELE: Na ya kutolea?

GWAMAKA: Na ya kutolea!

ATUPELE: (anacheka) Yaani umelipa ndizi mara mbili, na ya kutolea juu!

GWAMAKA: Ile ya kwanza ilirudishwa usiku.

ATUPELE: Ilirudi na ya kutolea? Shangazi yangu wa Tukuyu, nimempelekea hela taslimu, mkononi, kahesabu zote, kanitazama: "Na ya kutolea?"

GWAMAKA: Hapana bwana!

ATUPELE: Haki ya Mungu. Tozo za miamala zilipoanza 2021 akaongeza: "Na ya kutolea, na ya tozo." Tozo zikapunguzwa, yeye hakupunguza.

GWAMAKA: Mjomba wangu nimempelekea gunia la viazi. Kasema ndaga fijo, asante sana, mwanangu, sasa ya kutolea stendi?

ATUPELE: Hiyo ni halali, gunia halijibebi!

GWAMAKA: Tumeenda wapi sisi? Turudi. Mimi nasema mteja akionyesha meseji, aachiwe, waandike namba ya muamala na namba yake ya simu.

ATUPELE: Simu ni yake, meseji ni yake, namba anakutajia yeye. Umeshika nini hapo?

GWAMAKA: Umeshika mteja. Mimi pale sirudi.

ATUPELE: Usirudi. Wa meseji za kughushi naye hatarudi.

GWAMAKA: Unanifananisha na tapeli?

ATUPELE: Kile kimashine kitawatofautishaje?

GWAMAKA: Mtu anatofautisha! Yule binti ana macho.

ATUPELE: Macho hayasomi salio. Tuendelee, tulisema leo tunatoa mambo matano kabla hujanunua kifaa cha oda. La kwanza, chaji...

GWAMAKA: Dakika mbili zimebaki, wenzetu wa kipindi cha magazeti wako mlangoni.

ATUPELE: Basi chaji: uliza kama betri inafika jioni, na kama inabadilishwa hapa Mbeya au mpaka Dar. Mengine...

GWAMAKA: Mengine wiki ijayo. Na meseji yangu ilikuwa halali.

ATUPELE: Zima hiyo maiki.