Mpanda Farasi Aliyejua Kungoja

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Mpira nyote mnaujua. Mchezaji akikosa bao la wazi, kabla hata kipa hajainuka, jukwaani mtu ameshapiga kelele: "Huyo ameuza mechi!" Ushahidi hana, lakini neno limeshatoka. Mtu nitakayemzungumzia leo alitolewa neno hilo mwaka 1791, mjini Newmarket, kitovu cha mbio za farasi Uingereza, na halikumtoka mpaka anazikwa. Anaitwa Samuel Chifney, mpanda farasi wa mashindano.

Alizaliwa Norfolk miaka ya 1750. Mbio za farasi zilikuwa mchezo wa mabwana wenye mashamba, na sheria zake ndiyo kwanza zilikuwa zinatungwa. Derby yenyewe, yale mashindano makubwa ya farasi ya Epsom, ilianza mwaka 1780. Mpanda farasi alihesabiwa mtumishi kama watumishi wengine wa zizini. Chifney hakukubali kuhesabiwa hivyo. Aliandika kwa mkono wake kwamba kufikia 1773 hakuwa amemwona mtu wa kumshinda kwa kupanda farasi mashindanoni, na wakati huo ni kijana wa miaka ishirini hivi. Majivuno? Tele. Lakini mbio za Oaks, zile za farasi majike palepale Epsom, alizishinda mara 4, na mwaka 1789 alichukua Oaks na Derby kwa mpigo, Derby akiwa juu ya farasi aitwaye Skyscraper.

Hapa naomba tutulie kidogo, maana kisa chote kimelala katika namna alivyopanda. Wengi enzi hizo walikwenda shoti tangu mwanzo, hatamu zimekazwa, mjeledi haupumziki. Chifney alilegeza mkono. Alifundisha kwamba hatamu uishike kama uzi wa hariri mwembamba mfano wa unywele, nawe unaogopa usikatike. Alikaa nyuma, akatulia, akawaacha wenzake wachoshe farasi wao, kisha karibu na mwisho akamwachia wake achomoke. Pigo hilo la mwisho likaitwa kwa jina lake.

Sasa jiweke mahali pa mtu aliyeweka dau. Unamwona Chifney yuko nyuma. Anangoja, au hataki? Farasi anayezuiwa ili ashinde na farasi anayezuiwa ili ashindwe hukimbia sawasawa mpaka hatua za mwisho. Ufundi uliompa jina ndio huohuo ambao, siku mambo yakiharibika, ungeonekana kama wizi.

Mwaka 1790 Mwana wa Mfalme, George, ambaye baadaye alitawala kama George wa Nne, alimwajiri kwa gini 200 kwa mwaka, maisha yake yote. (Gini ni pauni moja na shilingi moja; mabwana walipenda kuhesabu kwa gini, sijui shilingi ile iliwapa raha gani.) Kati ya farasi wa George alikuwemo mmoja aitwaye Escape, yaani Kuponyoka.

Tarehe 20 Oktoba 1791 Escape alikimbia maili 2 hivi na wenzake watatu. Watu walimtegemea ashinde. Akawa wa mwisho. Kesho yake akarudi uwanjani, safari hii maili 4, na kwa kuwa jana aliaibika, odi zake, yaani malipo kwa aliyeweka dau juu yake, zilikuwa zimepanda: gini moja ikilipa tano. Akashinda.

Newmarket ikachemka. Chifney alieleza kwamba Escape hakuwa amefanyishwa mazoezi ya kutosha kabla ya siku ya kwanza, na kwamba mbio zile ndizo zilizomfungua mapafu. Alikiri pia kwamba siku ya pili aliweka gini 20 juu ya farasi wake. Mimi maelezo hayo yananiingia akilini. Umbali ulikuwa tofauti, na farasi aliyekaa sana bila kutoka jasho huwa mzito. Ila lile dau, jamani! Hata kama lilikuwa halali kwa desturi za siku hizo, lilimpa adui fimbo.

Mkubwa wa Jockey Club, chama cha mabwana waliosimamia mbio, Sir Charles Bunbury, hakumthibitishia kosa lolote. Alimwambia tu George kwamba Chifney akiendelea kupanda farasi wake, hakuna muungwana atakayekubali kushindana naye. George akakasirika, akauza farasi wake, akaondoka Newmarket. Mshahara wa Chifney hakuukata. Mnaona jambo lilivyo: bwana anaamini mtu wake ameonewa, anaendelea kumlipa, lakini kazi yenyewe haipo tena.

Chifney aliandika kitabu cha kujitetea, akakiuza pauni 5, bei ambayo mtu wa kawaida asingeigusa. Baadaye, fedha zilipomwishia, aliuza haki yake ya zile gini 200 za kila mwaka kwa gini 1,260 taslimu. Pigeni hesabu: ni malipo ya miaka sita na kidogo.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni lijamu, kile chuma cha mdomoni mwa farasi, aliyoibuni mwenyewe. Fundi wa matandiko aliyemtengenezea alimdai pauni 350. Hakuwa nazo. Akapelekwa gereza la Fleet, London, walikofungiwa wadaiwa, akafa akiwa mfungwa wa deni hilo Januari 1807. Lijamu yenye jina la Chifney inauzwa hadi leo. Hutumika kuongozea farasi wakaidi, wale wanaosimama kwa miguu ya nyuma.