George Bush wa Tumwater: Shamba Lililotungiwa Sheria

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokubali kuketi hapa jioni hii: tangazo la mhadhara huu lilipobandikwa, kuna waliodhani ninakuja kuzungumzia marais wa Marekani. La hasha. George Bush wangu alikuwa mkulima, alifariki mwaka 1863, na katika nchi aliyoilima kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuruhusiwa kupiga kura.

Alizaliwa Pennsylvania mwishoni mwa karne ya 18, baba yake akiwa mtu mwenye asili ya Afrika na mama yake Mwairishi. Ujanani alifanya kazi katika biashara ya ngozi za wanyama huko magharibi, kisha akahamia Missouri, akafuga ng'ombe na kupata mali. Tarehe 4 Julai 1831 alimwoa Isabella James, mwanamke mzungu, na kufikia mwaka 1844 walikuwa na watoto watano, wote wa kiume. Tusisahau kwamba Missouri lilikuwa jimbo la utumwa, na kwamba chotara aliye huru, mwenye fedha na mke mzungu, hakuweza kulala usingizi mnono mahali kama pale.

Ndipo walipopakia magari ya kukokotwa na maksai na kushika njia ya Oregon, nchi iliyo kwenye pwani ya Pasifiki, safari ya kilomita zipatazo 3,200, wakiandamana na Michael Simmons na familia nyingine ambazo baadhi yake, inasemekana, Bush ndiye aliyezigharimia vifaa. Majirani walisimulia baadaye kwamba gari lake lilikuwa na sakafu mbili, na katikati yake zilipangwa sarafu za fedha, huku juu wakikaa watoto. Kijana mmoja aliyesafiri nao, John Minto, aliacha kumbukumbu ya mazungumzo yao njiani: Bush alimwambia kwamba akifika Oregon ataangalia watu weusi wanatendewaje, na kama hatapata haki za mtu huru, atakwenda kuomba hifadhi kwa serikali ya Meksiko.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwezi Juni 1844, wakati magari yao yangali njiani, serikali ya muda ya Oregon ilipitisha sheria ya kuwafukuza watu weusi. Mwanamume alipewa miaka miwili awe ameondoka, na atakayebaki achapwe viboko visivyopungua 20 wala kuzidi 39, tena kila baada ya miezi sita. Adhabu ya viboko iliondolewa Desemba ya mwaka huohuo kabla haijamfika mtu, lakini ujumbe ulikuwa umekwisha kueleweka. Bush na wenzake wakavuka kwenda kaskazini ya mto Columbia, ambako Uingereza na Marekani zilikuwa bado zinagombea mpaka na mkono wa sheria ile haukufika. Mwaka 1845 familia tano zikapiga kambi kwenye maporomoko ya mto Deschutes, mahali panapoitwa Tumwater leo, na uwanda ulio kusini yake ukachukua jina la Bush. Walijenga kinu cha kusaga nafaka kilichoendeshwa na maji. Mtoto wa sita, Lewis, alizaliwa hukohuko.

Kumbe mpaka nao ulikuwa unawafuata. Mkataba wa mwaka 1846 uliiweka Tumwater ndani ya Marekani, na sheria ya mwaka 1850 ya kugawa ardhi Oregon ikawapa mume na mke ekari 640, alimradi mume awe mzungu au chotara wa mzungu na mwenyeji asilia. Bush hakuwa yeyote kati ya hao. Mkumbuke kwamba huyu ndiye aliyekataa kuwauzia walanguzi ngano yake mwaka wa njaa, 1852, akaiweka kwa ajili ya chakula na mbegu za majirani. Majirani haohao, kupitia Baraza la Kutunga Sheria la Washington (eneo hilohilo la kaskazini, si mji mkuu wa Marekani), waliliomba Bunge la Marekani mwaka 1854 limpe shamba lake, na mwaka 1855 ikatungwa sheria kwa ajili yake peke yake, akapata ekari hizo 640.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama ushahidi wa wema wa majirani. Mimi nakisoma vingine. Walimwondoa mtu mmoja kwenye dhuluma na kuiacha dhuluma yenyewe palepale. Mtu mweusi mwingine aliyefika bila ngano ya kugawa hakuwa na wa kumwombea.

Tena kuna jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka. Tarehe 26 Desemba 1854, miezi michache baada ya ombi lile, Gavana wa Washington, Isaac Stevens, alitia saini na wenyeji asilia wa sehemu hizo mkataba wa Medicine Creek, na Wanisqually, mmoja wa makabila hayo, ambao Bush alijifunza lugha yao, wakatengewa ekari 1,280. Pigeni hesabu: taifa zima lilipata mashamba mawili ya Bush. Leschi, kiongozi wao aliyekuwa rafiki wa familia hii, aliukataa mgao huo, vita vikazuka, na mwezi Februari 1858 akanyongwa.

Isabella alimfuata mumewe kaburini mwaka 1866, na shamba likabaki mikononi mwa wana. Mkubwa wao, William Owen, aliipeleka ngano ya hapo kwenye maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876 na ikatunukiwa tuzo. Washington ilipokuwa jimbo kamili mwaka 1889, alichaguliwa katika bunge lake la kwanza, na huko akawasilisha muswada wa kuanzisha chuo cha kilimo, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, mjini Pullman.