Mbona Kila Video Uko Peke Yako? Haya, Leo Najibu

Habari zenu ndugu zangu. Leo sina salamu ndefu, maana saa nane kamili lazima niwe nimeshazima kamera. Kwa nini, nitawaambia huko mbele.

Swali ni lilelile. Nikiweka video ya theluji, mnauliza. Nikiweka ya kukanda unga, mnauliza. Wiki iliyopita nimeonyesha namna ya kuondoa barafu kwenye friji, video ya friji jamani, dada mmoja akaandika: "Kaka, mbona kila siku uko peke yako, huna hata rafiki?" Chini yake watu wamejaza vicheko.

Sasa nikisema marafiki ninao, mtasema naringa. Nikisema sina, najiliza ili nionewe huruma. Yote nimeshaambiwa. Mwaka jana niliwaonyesha ninavyolipa pango, kuna mtu akaandika "kama huwezi rudi nyumbani." Baada ya mwezi nikaonyesha viatu vipya, mtu yuleyule, jina nililikumbuka, akaandika "ushamba wa pesa." Kwa hiyo leo naongea tu, atakayenuna anune.

Kwa wageni: mimi ni kijana wa Sinza, Dar, naishi Hamburg, Ujerumani, naoka mikate. Nilikuja kwa mafunzo ya kazi, miaka mitatu, nikafaulu, nikabaki. Sijaoa, huku wala huko. Baridi siiongelei. Ubaguzi una video yake, itafuteni.

Kitu ambacho hamkioni kwenye video ni saa zangu. Naingia kazini saa nane usiku. Natoka saa nne asubuhi, nguo zimejaa unga, watu wanakula kwa starehe mkate niliouoka wenyewe wakiwa wamelala. Ikifika saa kumi na mbili jioni nimeshafunga pazia. Majira haya ya joto muda huo jua liko juu kabisa, watoto wanacheza mpira chini ya dirisha, na mimi mtu mzima nimejifunga kitambaa machoni naulazimisha usingizi. Kwenu inakuwa saa moja. Ndiyo watu wanatoka kazini, wanakaa kijiweni, wanakumbuka kuna jamaa yao yuko Ujerumani hawajamsikia siku nyingi. Simu inaita. Mimi nimelala.

Hapo ndipo urafiki wangu mwingi umefia, siyo kwenye ugomvi.

Halafu kuna hili la hela, na naomba mnisikilize kabla ya kuandika. Kuishi peke yako huku kunalipiwa. Kwenye mshahara, mtu asiye na mke wala mtoto anawekwa daraja la kwanza la kodi. Jamaa yangu ana mke asiyefanya kazi, yeye yuko daraja la tatu, anakatwa kidogo kuliko mimi. Kazi moja, mshahara mmoja, mwisho wa mwezi tunatofautiana. Nikilalamika ananiambia oa. Rahisi kweli.

Pango nalipa euro 690. Wenyewe wanaligawa: kuna pango baridi na pango la moto. Baridi ni kuta tu, langu ni 560. La moto limeingiza joto, maji na takataka. Umeme haumo, unautafuta mwenyewe. Kuingia niliweka dhamana ya miezi mitatu ya pango baridi, euro 1,680, na hicho ndicho kiwango cha juu kisheria, kwa hiyo hata pa kulalamika hapakuwepo. Na chumba nilikikuta hakina jiko. Sisemi jiko bovu. Hakuna sinki, hakuna kabati, mabomba mawili yametoka ukutani yananitazama. Mwezi mzima nimeosha vyombo bafuni.

Kichekesho zaidi ni ada ya redio na televisheni. Ni euro 18.36 kwa mwezi, na inahesabiwa kwa nyumba, siyo kwa kichwa. Familia ya watu sita wanalipa 18.36, mimi na mto wangu tunalipa 18.36. Televisheni sina. Haiwahusu. Barua zao nilidhani matangazo ya biashara, mbili nikawekea sufuria. Baada ya miezi tisa ikaja nyingine yenye sura ya polisi: euro 165.24, na faini juu. Kosa langu, nakubali. Ila ukiwa geto, chumba cha kushirikiana watu watatu, mmoja wenu angeisoma ile barua.

Na kwa kuwa tumegusa hela, hili linanikaa rohoni. Mwaka huu nimechangia harusi nne na sendofu mbili. Nyie mna kadi ya singo ya mtu mmoja na kadi ya dabo ya wawili, mtu anachagua. Sisi wa nje hatuna kadi, tunapangiwa. Kamati moja imeniandikia shilingi laki tatu, harusi ya mtu ambaye tumeonana mara ya mwisho darasa la saba! Nikatuma laki, nikaandikiwa kwenye kundi, mbele ya watu mia mbili: "Ahsante kaka, tunasubiri iliyobaki." Halafu haohao ndio wananiuliza nitaoa lini. Hela ya kuolea mmekula nyie. Neno lenyewe hela tulilitoa kwa Wajerumani, ile sarafu yao ya heller waliyoileta enzi za ukoloni. Nimelifuata mpaka kwao, na bado silioni.

Wanaoniambia "oa mzungu upate makaratasi," ndugu zangu, hata ndoa yenyewe huku ni makaratasi. Ukitaka kuoa, serikali inataka uthibitisho kwamba huna mke kwenu, na uwe umetafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa. Karatasi ya kuthibitisha upweke. Mimi hiyo ningeipata bila foleni.

Haya, turudi kwenye habari ya marafiki. Nitawaambia kuhusu geto kwanza, maana bila geto hamtanielewa.

Sinza Makaburini, chumba kimoja, wanaume watatu. Kitanda kimoja, godoro moja chini, na ratiba ya nani analala kitandani ambayo haikuwahi kufuatwa hata wiki moja. Ufunguo ulikaa juu ya dirisha na mtaa mzima ulijua. Ukirudi unakuta mtu amelala, humjui, unamsogeza unalala. Asubuhi ndiyo unauliza jina.

Nakumbuka LUKU, ule umeme wa kununua kwa namba, ikiisha usiku. Kwanza ugomvi wa nani alinunua mara ya mwisho. Halafu kimya, joto linapanda, mbu wanapata habari. Mwisho mmoja anajitoa, ananunua ya elfu mbili kwa simu. Tarakimu ishirini. Mimi nimepanda kwenye ndoo iliyogeuzwa, mkono kwenye mita, mshikaji wangu kakaa chini anasoma namba nnenne kama mwalimu wa imla, na wa tatu anamulika. "Sifuri nne saba saba." "Rudia." "Sifuri nne saba saba, we kiziwi?" Ukikosea moja, mwanzo tena. Taa ikiwaka tunashangilia kama Simba imefunga, au Yanga, maana mle ndani tulikuwa na dini zote mbili.

Huyo msomaji wa namba ndiye rafiki yangu. Jina lake silitaji, ana mke sasa na mkewe anaangalia hizi video. Shemeji, shikamoo.

Mwaka juzi alipotaka kuoa alinipigia akasema mpambe ni wewe, hakuna mjadala. Suti nikashona huku. Nauli nikaanza kuweka. Kibali changu cha kuishi kilikuwa kinakaribia kuisha, nikaomba kuongezewa miezi mitatu kabla, fomu zote, picha, mkataba wa kazi, mkataba wa nyumba. Ofisi husika kimya. Naandika, najibiwa na mashine kwamba ujumbe umepokelewa. Napiga, muziki. Siku moja niliusikiliza huo muziki dakika hamsini, mpaka leo nikiusikia dukani tumbo linauma. Kibali kikaisha mkononi. Mkononi sina karatasi ya kunirudisha ndani, nikitoka nimetoka. Harusi Jumamosi. Miadi yangu ikaja kwa barua: Jumanne, siku kumi baada ya harusi.

Nimehudhuria kwa simu. Mtoto fulani kapewa simu anishikie, na mtoto ni mtoto, akaona keki. Nimeangalia dari la ukumbi na feni karibu dakika arobaini. Nikamsikia MC akisema mpambe asimame, viti vikaburuzwa, watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimevaa ile suti, ndugu zangu, nimekaa kitandani. Mnaweza kucheka, hata mimi nacheka sasa.

Hakunilaumu hata siku moja. Ingekuwa nafuu angenilaumu.

Sasa marafiki wa huku. Wapo, jamani. Kuna mzee mmoja kazini, Mjerumani, miaka thelathini na kitu kwenye tanuri. Mwaka mzima alikuwa ananipa maelekezo ya unga tu. Siku moja akaniambia karibu nyumbani kwa kahawa, Jumapili ya wiki ya tatu kutoka leo, saa tisa alasiri. Nilidhani ananifukuza kiaina! Nimekwenda, saa tisa kamili mlango umefunguka kabla sijaondoa kidole kwenye kengele. Keki mbili mezani. Tukaongea vizuri mpaka jioni.

Nikaona sasa huyu ni mtu wangu. Jumapili iliyofuata nimepika pilau, nikaweka kwenye hotpoti, nikaenda bila kusema. Kisinza kabisa. Mke wake kafungua akiwa na nguo za kulalia, kaniangalia mimi, kaangalia hotpoti, akamwita mume wake kwa sauti ya msiba. Mzee katoka mbio na kandambili mguu mmoja: "Kumetokea nini?" Nikamwambia hakuna, nimeleta pilau. Tukasimama pale ngazini watu watatu na hotpoti, hakuna anayejua afanye nini. Wameipokea, wakashukuru sana, ndani sikuingia. Kesho yake kazini akaniuliza taratibu kama nina matatizo nyumbani.

Nilikasirika wiki nzima. Lakini nilipohama kwenda hiki chumba, nilimwambia tarehe mwezi mmoja kabla, akaiandika kwenye kale kadaftari kake. Siku yenyewe saa moja asubuhi yuko chini na gari na kamba na glavu jozi mbili. Friji tumelipandisha ghorofa ya nne, mimi na yeye, mzee wa miaka sitini. Hela ya mafuta kakataa. Ni watu gani wa kwetu waliosema "nakuja kukusaidia" wakaja? Sitaki kuwataja, wapo humu.

Jumapili nyingine napanda pantoni. Ndiyo, kuna pantoni hapa, namba 62, inatoka Landungsbrücken inavuka mto Elbe mpaka Finkenwerder, na tiketi yangu ya mwezi inaruhusu. Ile tiketi ilianza euro 49 mwaka 2023, ikapanda 58 mwaka 2025, mnajua wenyewe haishuki. Nakaa juu, upepo, meli za makontena, harufu ya mafuta na maji. Hamburg na Dar ni miji dada tangu 2010, lakini mimi udugu wao niliuona pale juu, siyo kwenye hotuba. Nikifumba macho ni Magogoni naenda Kigamboni kwa mia mbili, kinachokosekana ni wa karanga na mtu wa kunikanyaga. Hapo ndipo mnaponiona peke yangu kwenye video. Siyo kwamba nimetengwa. Simu nimeishika mwenyewe, mlitaka ashike nani?

Kwa vijana mnaonitumia ujumbe wa kuja huku: mimi siwashauri. Mwingine yuko München, ana kwaya, ana timu ya mpira, kaoa, atawaambia tofauti na atakuwa mkweli. Mwenye kazi ya mchana maisha yake siyo haya. Haya ni ya mwoka mikate mmoja ghorofa ya nne.

Sasa kwa nini naharakisha. Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili na nusu jioni, nimeshafunga pazia, simu ikaita. Mshikaji wangu wa namba za LUKU. Nikaiangalia mpaka ikakata. Halafu nikaandika, na sikutafakari hata kidogo: "Kaka niko kitandani, naomba tupange. Jumapili saa nane mchana ya huku, kwenu saa tisa, itakufaa?"

Akajibu: "Sawa bosi."

Geto tulikuwa na mtu mmoja tu tunayemwita bosi. Baba mwenye nyumba, na tulimwita hivyo pale tu kodi ya miezi sita ilipokuwa imechelewa.

Nimeisoma ile "sawa bosi" tangu Jumanne. Nilitaka kumweleza habari ya mzee na kadaftari kake, kwamba mtu akikuandika siku na saa siyo kwamba kakuweka mbali. Kwa maandishi haikutoka, nimefuta mara tatu.

Ni saa nane kasoro dakika nne. Nimetandika kitanda, nimeosha kikombe, sijui kwa nini, yeye hatakiona. Nazima.