Tumbo Dogo, Uji Mzito: Chakula cha Kwanza cha Mtoto wa Miezi 6

Habari za asubuhi kina mama, na kina baba mliokuja na kadi za watoto mkononi. Bibi zetu, shikamooni. Tumewaomba mkae mbele kwa makusudi, maana katika nyumba nyingi kijiko cha kwanza cha mtoto anakiamua bibi, siyo mama.

Hapa mezani kuna sufuria mbili za uji. Uji wa sufuria hii ya kwanza mnaujua, ndio tunaowapa watoto wengi. Wa sufuria ya pili wengi mtauona mzito mno kwa mtoto. Tutazirudia zote mbili.

Tuanze na umri. Mtoto anaanza chakula akitimiza miezi 6 kamili, yaani siku 180. Mara nyingi mama anatwambia mtoto "ameingia mwezi wa sita", na tukifungua kadi tunakuta ana miezi 5 na siku mbili tatu. Kuingia si kutimiza. Kabla ya hapo maziwa ya mama yanatosha, na maji yamo humo humo, hata kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa pili. Ukimpa maji au uji wa maji maji, tumbo linajaa, ananyonya kidogo, na titi lisilonyonywa linapunguza kutengeneza maziwa. Ndipo mama anasema maziwa yamekauka. Bibi zetu, mtoto wa miezi 4 anayelia usiku akitaka kunyonya kila saa hasemi maziwa hayatoshi. Yuko kwenye kipindi cha kukua haraka, na akiachiwa anyonye anavyotaka, siku chache baadaye maziwa yanaongezeka yenyewe.

Kuchelewa nako kuna gharama. Mtoto anazaliwa na akiba ya madini ya chuma kutoka kwa mama, na akiba hiyo inaelekea kuisha miezi 6 inapofika. Maziwa ya mama yana chuma kidogo sana, kwa hiyo mtoto wa miezi 8 anayenyonya tu anaweza kunenepa na bado akapungukiwa damu.

Utamjua aliye tayari: shingo imekaza, anakaa akiegemezwa, anafuata kijiko kwa macho na kufungua mdomo. Siku za kwanza ulimi utasukuma chakula nje. Msiseme amekikataa. Hiyo ni kazi ya ulimi uliozoea kunyonya, na unahitaji siku kadhaa kujifunza kurudisha chakula nyuma.

Sasa turudi kwenye sufuria.

Tumbo la mtoto linabeba kama mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 7 basi anabeba kiasi cha mililita 200, pungufu ya kikombe cha kawaida cha mililita 250. Kati ya miezi 6 na 8, mbali na maziwa ya mama, anahitaji kama kalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula. Sufuria ya kwanza ina kikombe kimoja cha maji na vijiko 2 vya chakula vya unga, kama gramu 20. Unga huo una kalori 70 hivi, na nusu kikombe cha uji wake ni kalori 35. Apate 200, itabidi anywe nusu kikombe karibu mara 6, juu ya maziwa. Hawezi. Anashiba maji, analala, na mwezi ukifika mzani hausogei, huku mama anaapa kwamba mtoto anakula vizuri. Na kweli anakula, ila kijiko chake hakina kitu.

Sufuria ya pili ina kikombe kile kile cha maji, lakini vijiko 4 vya unga vilivyojaa, gramu 40 hivi, sawa na kalori 140. Tumeongeza kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia, ambacho peke yake kina kalori 45, na kijiko kimoja cha chakula cha karanga zilizosagwa laini, kalori 90 hivi. Jumla inafika 275. Nusu kikombe mara mbili kwa siku, na hesabu imetimia.

Mama uliye karibu, chota kijiko kwenye kila sufuria, halafu ukiinamishe. Mnaona? Wa kwanza umetiririka wote. Wa pili umeng'ang'ania kijikoni, na ukikitikisa unaanguka kwa bonge. Hicho ndicho kipimo chenu nyumbani, hakihitaji mzani wala kikombe maalumu.

Najua swali linalofuata: mtoto anayeanza atamezaje kitu kizito hivi? Jibu wazee wetu walikuwa nalo, ni kimea. Loweka ulezi usiku mzima, chuja, utandaze na uufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu siku 2 hadi 3 mpaka uchipue, kausha juani, saga. Pika uji mzito mpaka uive, ipua, uache upoe kidogo, uwe bado moto lakini hauchemki. Tia kijiko kimoja cha chai cha kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache uji unalegea wenyewe bila kuongeza tone la maji, kwa sababu kimea kina kimeng'enya kinachokatakata wanga. Kisha urudishe motoni uchemke tena, maana nafaka iliyokaa siku tatu na unyevu inabeba vijidudu. Wanaosema kimea hakifanyi kazi, wengi wamekitia uji ukiwa unatokota, na kimeng'enya kimeungua pale pale. Na msitumie mtama uliochipua badala ya ulezi: machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi.

Hapa niseme kwa uzito kuhusu unga wa lishe, ule wa mahindi, mchele, ngano, ulezi, uwele, soya, karanga na dengu vyote kwenye mfuko mmoja. Umepewa jina zuri, na mama anaununua kwa mapenzi yote. Lakini mahindi, mchele, ngano, ulezi na uwele vyote ni wanga. Kuchanganya nafaka tano hakumpi mtoto vyakula vitano, ni chakula kile kile mara tano. Haviivi kwa muda mmoja, na soya isiyoiva vizuri inazuia mwili kumeng'enya protini. Karanga zikisagwa na kuwekwa muda mrefu mafuta yake yanachacha. Na mtoto akitokwa na vipele, hutajua ni kipi kati ya vinane. Tumia nafaka moja au mbili. Karanga zisage peke yake, kidogo kidogo, uzitie wakati wa kupika.

Karanga na mahindi vina jambo lingine, sumukuvu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hii ya kuvu, na Kenya mwaka 2004 walikufa watu 125. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi. Kinga ni kuchambua kwa mkono kabla ya kusaga: punje iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au iliyotobolewa na wadudu, itupe. Usimpe hata kuku.

Sasa uji hata ukiwa mzito ni sehemu moja tu. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 Tanzania wamedumaa. Iringa ni zaidi ya nusu. Iringa kuna mahindi, viazi, maharage na mboga. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba ghala likijaa mtoto ameshiba. Sababu za udumavu ni nyingi, maradhi na usafi vimo, lakini sahani ya mtoto yenye wanga mtupu ni moja ya kubwa.

Chuma kinapatikana kwenye maini, nyama, dagaa na samaki. Na hapa tuna desturi inayotuumiza: mtoto anapewa mchuzi, nyama wanakula wakubwa. Chuma kimebaki kwenye nyama, mchuzi umebeba chumvi na ladha. Nyama ipikwe ilainike, isagwe au ikwanguliwe kwa kisu, mtoto apate kijiko kimoja au viwili. Maini yasizidi mara 1 au 2 kwa wiki, yana vitamini A nyingi, na mtoto wa miezi 6 anapata matone ya vitamini A kliniki. Dagaa ni rahisi na ni bora mno: waoshe mchanga wote utoke, wakaange bila mafuta wakauke, wasage wawe unga, kijiko kimoja kwenye uji au viazi vilivyopondwa. Maharage yaloweke usiku, mwaga maji, chemsha yalainike kabisa, ponda na upitishe kwenye chujio maganda yabaki. Chuma cha maharage na mchicha kinaingia mwilini kwa shida, kwa hiyo mkamulie chungwa au mpe papai mlo huo huo. Chai iondoeni kabisa, ya rangi na ya maziwa, inazuia chuma. Yai mpe zima, kiini na ute, limeiva kabisa. Mtori wa ndizi na nyama, viazi lishe vyenye samaki, parachichi, vyote vinafaa. Asali isimguse kabla ya mwaka 1, inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli mpaka ya kupumua. Chumvi na sukari hana haja navyo.

Siku ya kwanza ni vijiko 2 au 3 tu, asubuhi, akiwa ameamka vizuri na hana njaa kali. Chakula kipya kimoja kimoja, siku 2 au 3 kila kimoja, mwangalie ngozi na choo. Choo kitabadilika rangi na harufu, hilo ni la kawaida.

Mlishe akiwa amekaa wima pajani, anakutazama usoni. Ule mtindo wa kumlaza chali, kumbana pua na kumimina uji kwa kiganja, tuuache leo. Mtoto anayelia anavuta pumzi, na uji unafuata pumzi kwenda kwenye mapafu. Kuna nimonia zinazoanzia hapo. Akigeuza uso, subiri, mwongeleshe, jaribu tena. Akikataa mara ya tatu, basi. Chakula kipya kinaweza kukataliwa mara 8 au 10 kabla ya kupendwa.

Akipaliwa na anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe, usimpe maji. Akinyamaza, hana sauti, midomo inageuka rangi, usipoteze sekunde. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kiwiliwili, shika taya lake. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Hakijatoka, mgeuze, msukume mara 5 katikati ya kifua, chini kidogo ya usawa wa chuchu, kwa vidole 2 au kitako cha kiganja. Rudia, huku mtu mwingine akiita msaada. Usiingize kidole kutafuta usichokiona, utakisukuma ndani. Na aliye chini ya mwaka 1 haminywi tumbo. Kina baba, hili mlijue pia, maana halichagui saa mama yupo nyumbani. Karanga nzima, bisi na samaki mwenye miba visimkaribie.

Uji uliokaa kwenye chupa ya chai kuanzia asubuhi hadi alasiri, mmwage. Chupa haitunzi moto wa kutosha, inatunza uvuguvugu, na uvuguvugu ndio vijidudu vinaupenda. Pika kidogo, kiliwe ndani ya saa 2. Tumieni kikombe na kijiko, chuchu ya chupa haisafishiki mpaka ndani. Nawa mikono yako kwa sabuni, na yake pia, kwa sababu naye ataishika sahani.

Akifika miezi 9 ataanza kuokota kwa kidole gumba na cha shahada. Mwekee vipande laini vya ndizi au kiazi ajilishe, achafuke. Hapo milo iwe 3 hadi 4, nusu kikombe kwenda robo tatu. Akitimiza mwaka ale cha familia, kikombe karibu kizima, na asusa mara 1 au 2. Kunyonya kunaendelea mpaka miaka 2 na zaidi.

Akiharisha, usimwachishe chakula. Mnyonyeshe zaidi, mpe maji ya ORS, dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kila anapoharisha, na vidonge vya zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Damu kwenye choo, macho kuzama au kushindwa kunyonya, njooni hapa hapo hapo. Akipona, njaa itarudi kwa nguvu: mwongezee mlo mmoja kila siku kwa wiki 2, mzito kama ule wa sufuria ya pili, kisha mleteni apimwe uzito.