Njaa Zisizofanana

Asanteni kwa kuishinda foleni ya Thika Road jioni hii. Niingie kwenye mada moja kwa moja.

Weka tone la maji ya ziwa chini ya hadubini. Utaona aina chungu nzima za mwani, na karibu zote zinataka vitu vilevile: mwanga, nitrojeni, fosforasi, chuma kidogo. Daiatomu, mwani wa seli moja wenye magamba kama kioo, wanadai pia silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, ya kujengea magamba hayo. Mwaka 1934 mwanabiolojia Mrusi Georgii Gause alionyesha kwamba viumbe wa aina mbili wakitegemea kitu kimoja kilicho haba, mmoja humwondoa mwenzake. Mbona basi tone limejaa? Mwaka 1961 mwanaekolojia G. Evelyn Hutchinson aliuliza hivyo waziwazi, na watu wangali wanabishana.

Jibu ninalolipenda zaidi lilitoka kwa mwanaekolojia David Tilman mwaka 1977. Alikuza daiatomu wa aina mbili pamoja. Asterionella ni hodari wa kunasa fosfeti (fosforasi iliyoyeyuka majini) ikiwa kiduchu; Cyclotella humudu kuishi kwa silika kidogo. Fosfeti ikiwabana wote, Asterionella hubaki peke yake. Silika ikiwabana wote, Cyclotella hushinda. Ila kila mmoja akibanwa na upungufu wake, wote wawili wanaishi. Ni majirani wa ploti moja: huyu amekwama kwa unga, yule kwa makaa, hawana cha kugombania.

Wengine hupunguza mahitaji yenyewe. Prochlorococcus wa baharini (najua, ni bakteria, si mwani hasa, wataalamu mnisamehe) amejenga utando wa seli yake kwa mafuta yenye salfa, ambayo bahari inayo tele, badala ya yale yanayokula fosforasi. Daiatomu wengi nao chuma kikiadimika huweka kando ferredoksini, protini yenye chuma, na kutumia flavodoksini isiyo nacho.

Kwa hiyo mimi uhaba haunitishi sana. Kinachonitisha ni shibe ya upande mmoja. Tazameni Ziwa Victoria. Udongo, mbolea na maji taka vilileta fosforasi; daiatomu wakastawi, wakafa, wakazama na silika yao. Tangu miaka ya 1960 silika majini imepungua sana, na daiatomu wenye magamba mazito, Aulacoseira, wakawaachia nafasi daiatomu wembamba, Nitzschia, na sayanobakteria, yaani bakteria wanaotumia mwanga kama mwani. Maji yakishakuwa mazito kwa kijani, kilicho haba kwa wote ni kimoja tu: mwanga. Hapo Microcystis, mmoja wa sayanobakteria hao, mwenye vifuko vya hewa ndani ya seli, huelea juu na kuwafunika wenzake.

Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa ziwa hilo, inamjua vizuri, na Kisumu hunywa maji ya ghuba hiyo. Sumu ya Microcystis, maikrosistini, hudhuru ini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Ningependa maswali yenu yaanzie hapo.