Upinde wa Kapi na Mshale Unaotikisa Mkia

REHEMA: Kaka Musa, leo tuzungumzie tatizo linalowasumbua wengi: mpigaji ameshika shabaha vizuri, lakini mshale unatoka ukitikisa mkia, naye anakimbilia dukani kununua mishale mingine.

MUSA: Ningemwomba asifungue mkoba kwanza, dada yangu. Upinde wa kapi, ambao Mmarekani Holless Wilbur Allen alipewa hataza yake mwaka 1969, una magurudumu yaitwayo kamu kwenye ncha zake, na kebo zinazoyaunganisha. Katika upinde wa kamu mbili, kebo moja ikirefuka, kamu moja hufika kikomo cha kuzunguka kabla ya mwenzake, na mkia wa mshale husukumwa juu au chini. Fundi huubana upinde kwenye mashine yake, kisha huongeza au kupunguza misokoto ya kebo mpaka kamu zote mbili zifike pamoja. Kazi hiyo haifanywi kwa mikono mitupu.

REHEMA: Na kamu zikishalingana?

MUSA: Hapo tunaiuliza karatasi. Itandaze kwenye fremu, simama umbali wa mita 2 hivi, upige. Ncha hutoboa tundu, na manyoya huchana karatasi kandokando. Manyoya yakichana juu ya tundu, shusha kitanzi cha ugwe kidogo, au inua kiegemeo cha mshale. Kwa anayetumia mkono wa kulia na kifyatulio, yaani kifaa cha kuachia ugwe, yakichana kushoto, sogeza kiegemeo kulia, tena kwa nusu milimita tu kila mara.

REHEMA: Wapo wanaosogeza kiegemeo kutwa nzima bila mafanikio.

MUSA: Mara nyingi manyoya yanagusa kiegemeo au kebo. Nyunyizia poda ya miguu sehemu hizo, piga mshale mmoja, kisha tazama poda ilipofutika. Ikiwa hakuna mguso na karatasi bado inachanika upande uleule, sasa ndipo tushuku mshale wenyewe, yaani ugumu wa wano lake, ule ufito wa mshale.

REHEMA: Zile namba 340, 400 au 500 zilizoandikwa ubavuni?

MUSA: Ndizo. Wano huwekwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, likaning'inizwa uzito wa gramu 880 katikati. Likipinda inchi 0.400, huitwa 400. Kwa hiyo namba ndogo ni wano gumu zaidi. Hata hivyo, namba hiyo haitoshi peke yake, kwa sababu ukilikata wano likawa fupi, hutenda kama gumu zaidi, na ukilifunga ncha nzito, hutenda kama laini. Ndiyo maana mimi huchagua urefu na uzito wa ncha kwanza, kisha ndipo nasoma jedwali la mtengenezaji.

REHEMA: Vijana watakwambia mshale mwepesi ndio wenye kasi.

MUSA: Kasi wataipata, na upinde wataumiza. Watengenezaji wengi hutaka mshale uwe na uzito wa angalau greni 5 (greni moja ni kama gramu 0.065) kwa kila pauni ya nguvu ya kuvuta upinde, kwa hiyo upinde wa pauni 60, ambao ndio ukomo wa World Archery, shirikisho la kimataifa la upigaji mishale, unahitaji mshale wa gramu 19 hivi au zaidi. Ukiwa mwepesi kupita hapo, nguvu ambayo mshale haukuichukua hubaki ikitikisa matao, yaani mikono ya upinde, na kebo. Isitoshe, katika mashindano ya mita 50, duara la pointi 10 lina upana wa sentimita 8, na penye upepo mshale mwembamba wenye uzito wa kutosha hupeperushwa kidogo kuliko ule mnene na mwepesi.

REHEMA: Basi kipimo cha mwisho ni kipi?

MUSA: Mshale usio na manyoya, upigwe mita 18 pamoja na yenye manyoya. Ukiangukia kundi moja na wenzake, acha upinde kama ulivyo.