Namba za Kwenye Boksi: Mhadhara Juu ya Istilahi za Spika na Vyombo vya Muziki vya Nyumbani

Ndugu wasikilizaji, mafundi kwa wanunuzi, nawashukuru kwa kufika jioni hii. Hapa mezani nimeweka vitu viwili ambavyo nitavirejea mara kwa mara. Cha kwanza ni sabufa pamoja na spika zake mbili ndogo, ya aina inayouzwa kwa wingi Kariakoo na katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, na kwenye boksi lake imeandikwa kwa herufi kubwa: PMPO, yaani nguvu ya kilele, wati 12,000. Cha pili ni jozi ya spika za mbao zisizo na taa wala mapambo, ambazo nyuma yake pana kibandiko kidogo chenye maneno machache: omu 8; desibeli 87 kwa wati 1, mita 1; hezi 55 hadi 20,000, kuzidi au kupungua desibeli 3. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba kibandiko hicho kinamweleza mnunuzi mambo mengi kuliko boksi lile zima, kwa sababu kila namba iliyomo imetajwa pamoja na sharti lililotumika kuipima, ilhali zile wati 12,000 hazina sharti hata moja.

Tuanze na wati, kwa kuwa ndiyo namba inayoulizwa kwanza dukani. Wati ni kipimo cha nishati inayotumika au inayotolewa kwa kila sekunde, na chombo hakiwezi kuendelea kutoa nishati kuliko ile inayoingia kutoka ukutani. Sasa naigeuza sabufa hii. Karibu na mahali waya wa umeme unapoingilia pana maandishi madogo mno, nayo yanasema: volti 220 hadi 240, hezi 50, wati 60. Hizo wati 60 ndizo mashine yote inazovuta, ikiwa ni pamoja na zile zinazopotea kama joto kwenye transfoma na taa zake za kumetameta. Kama ingekuwa inatoa wati 12,000 kweli, ingehitaji zaidi ya ampea 52 kwenye umeme wa volti 230, na fyuzi ya ampea 13 iliyomo ndani ya plagi zetu za miguu mitatu ingekatika mara moja, kwa maana plagi hiyo imetengenezwa kubeba wati 3,000 hivi. Pasi ya nguo peke yake huvuta wati 1,000 na ushei, na nyote mnajua inavyoifanya mita izunguke.

Namba hiyo kubwa hupatikanaje, basi? Ndani ya amplifaya, yaani kifaa kinachokuza umeme wa muziki ili uweze kuendesha spika, mna kapasita zinazohifadhi umeme, na kwa kitambo kifupi mno zinaweza kuumwaga kwa pamoja. Mtengenezaji huchukua kilele cha mmwago huo, mara nyingi kwa hesabu ya karatasi tu, akazidisha kwa idadi ya spika, kisha akaongeza chumvi kadiri soko linavyomruhusu. PMPO haina kanuni inayokubaliwa na watu wote ya kuipimia, na kwa hiyo huwezi kuitumia hata kulinganisha sabufa mbili zilizowekwa kwenye rafu moja. Namba ya kuitafuta ni ile iliyoandikwa RMS, ambayo kwa desturi ya biashara humaanisha nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo. Hata hiyo haijakamilika mpaka iambatane na mengine: ni wati ngapi kwa kila upande, kwenye spika ya omu ngapi, kwa masafa yapi, yaani kwa milio mizito au ya juu kiasi gani, na sauti ikiwa imeharibika kwa kiasi gani.

Wamarekani walilipitia tatizo hili kabla yetu. Matangazo ya amplifaya yalikuwa yamejaa wati za kubuni, hadi mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, ilipotoa kanuni iliyomlazimu muuzaji kutaja masharti hayo niliyoyataja, na amplifaya ikatakiwa iendeshwe saa nzima kwa theluthi moja ya nguvu yake kabla ya kupimwa, ili ionekane inavyofanya kazi ikiwa imepata moto. Binafsi naona hiyo ilikuwa kanuni ya haki, na sioni sababu ya mnunuzi wa huku kutouliza maswali yale yale akiwa kaunta.

Hata mtu akiipata namba ya kweli ya wati, bado hajajua spika yake italia kwa nguvu kiasi gani. Hapo ndipo desibeli inapoingia, na naomba tukae nayo kidogo, kwa sababu ndiyo istilahi yenye faida kubwa kuliko zote na ndiyo inayorukwa na wengi. Kipimo hiki kilizaliwa katika maabara za simu za kampuni ya Bell huko Marekani miaka ya 1920, kikapewa jina kwa heshima ya Alexander Graham Bell. Desibeli haihesabu kwa kujumlisha kama tunavyohesabu kilo za sukari. Hueleza ni mara ngapi kitu kimekizidi kingine. Ukiongeza nguvu maradufu, umeongeza desibeli 3. Ukiongeza nguvu mara kumi, umeongeza desibeli 10. Na sikio la binadamu husema sauti imekuwa kubwa maradufu pale tu zinapoongezeka desibeli 10 hivi, yaani baada ya nguvu kuongezwa mara kumi. Kwa hiyo anayeuza amplifaya yake ya wati 50 ili anunue ya wati 100 amelipia tofauti ambayo asipotega sikio vizuri hataigundua.

Sasa turudi kwenye kibandiko. Desibeli 87 kwa wati 1, mita 1, maana yake ni kwamba ukiipa spika hii wati moja na ukasimama mita moja mbele yake, utapata sauti ya desibeli 87. Mafundi huiita namba hii sensitiviti. Kwa wati 10 utapata desibeli 97, na kwa wati 100, ikiwa spika inazistahimili, desibeli 107. Chukueni spika mbili, moja ya desibeli 84 na nyingine ya desibeli 90. Tofauti ya desibeli 6 ni nguvu mara nne, na kwa hiyo spika ya pili ikiendeshwa na amplifaya ya wati 25 italia sawasawa na ya kwanza iliyofungwa kwenye amplifaya ya wati 100. Aliyeiangalia sensitiviti ameokoa fedha ya amplifaya, na aliyezitazama wati peke yake ameitoa fedha hiyo bila kujua. Niongeze kwamba katika usikilizaji wa kawaida sebuleni, wastani wa nguvu inayoifikia spika ni wati moja hivi au pungufu, na nguvu nyingine hukaa akiba kwa ajili ya pigo la ngoma au mlio wa ghafla kwenye filamu.

Umbali nao una hesabu yake. Mahali pa wazi, kila unapouongeza umbali maradufu unapoteza desibeli 6, na hii ndiyo sababu spika inayotikisa duka haisikiki kitu ikipelekwa uwanjani kwenye harusi. Ndani ya chumba upotevu ni mdogo zaidi, kwa vile kuta hurudisha sauti.

Omu ni suala la usalama zaidi kuliko la utamu wa muziki. Ni kipimo cha ukinzani wa umeme, na spika nyingi za nyumbani huandikwa omu 8, 6 au 4. Fundi atakayeweka mita yake kwenye spika ya omu 8 ataona 6 na kitu, wala asidhani spika imeharibika: mita hupima kwa umeme wa betri, ilhali ukinzani wa spika kwa muziki hupanda na kushuka kulingana na masafa, na namba 8 ni ya kukadiria. La muhimu ni kwamba kadiri omu zinavyopungua ndivyo amplifaya inavyolazimika kutoa ampea nyingi zaidi. Wengi wetu hununua spika za gari, ambazo kwa kawaida ni za omu 4, tukazitengenezea boksi la mbao na kuziunga mbili mbili kwenye amplifaya ya nyumbani. Mbili za omu 4 zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinakuwa omu 2, na amplifaya iliyoandikwa nyuma kwamba isipewe chini ya omu 4 itapata moto, itajizima, au itaungua transista zake za mwisho. Mbili hizo hizo zikiungwa kwa mfuatano, moja baada ya nyingine, zinakuwa omu 8, na amplifaya itafanya kazi yake kwa amani. Tofauti kati ya kuharibu na kutoharibu ni kipande kimoja cha waya na mahali kinapofungwa.

Jambo lingine huwashangaza wateja: amplifaya ndogo inaweza kuunguza spika kubwa. Ukiifungulia kupita uwezo wake, mawimbi ya muziki hukatwa vichwa, na mawimbi yaliyokatwa vichwa huzaa milio mingi ya juu ambayo haikuwamo katika wimbo. Milio hiyo huelekea kwenye twita, yaani spika ndogo ya milio ya juu, ambayo koili yake ni ya waya mwembamba mno, na twita ndiyo hufa kwanza. Ukisikia sauti inakwaruza, punguza, hata kama kitufe bado kina nafasi ya kuzunguka.

Hezi ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000, na upande wa juu hupungua umri unavyosonga. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hutoa hezi 41. Boksi likiandika hezi 20 hadi 20,000 bila neno jingine, halijasema lolote, kwa kuwa karibu spika yoyote hutoa kitu fulani kwenye hezi 20, hata kama kitu chenyewe hakisikiki. Ndiyo maana kibandiko changu kinamalizia na maneno kuzidi au kupungua desibeli 3: kati ya hezi 55 na 20,000 spika hii haipandi wala kushuka kupita kiasi hicho. Chini ya hapo inazama. Tundu hili mnaloliona nyuma yake halikutobolewa ili kuipunguzia joto. Hewa iliyomo tunduni imepimwa urefu na upana ili itikisike pamoja na wufa, yaani spika ya milio mizito, na kuisaidia kwenye besi. Hesabu za matundu hayo tunazotumia hadi leo zimejengwa juu ya kazi ya wahandisi Neville Thiele na Richard Small waliyoifanya Australia katika miaka ya 1960 na 1970, na fundi anayetoboa kwa kukisia hupata besi ya kuvuma kama pipa.

Sabufa huchukua kazi pale spika zinapoishia, na kitufe chake cha krosova ndicho kinachoamua mpaka. Kwa spika zenye wufa ya inchi 5 au 6, hezi 80 ni mahali pazuri pa kuanzia. Vispika vya inchi 3 kama hivi vya kwenye seti yangu haviwezi kushuka huko, na mpaka hulazimika kupanda hadi hezi 120 au 150, ambako sikio huanza kutambua besi inatokea pembe ipi ya chumba na sauti ya mwanamume kuonekana kama inazungumza kutoka chini ya meza.

Istilahi nyingine nitazipitia haraka. Namba 5.1 maana yake ni njia tano za sauti kamili na moja ya besi pekee, nayo haina maana kwa mtu anayesikiliza muziki wa pande mbili tu. ARC ni uwezo wa waya wa HDMI kurudisha sauti kutoka kwenye runinga kwenda kwenye amplifaya. Bluetooth hubana sauti ili ipite hewani, na kwa spika za bei hii mezani ubanaji huo si adui wa kwanza.

Kuna kosa la waya kuungwa kinyume, ambalo hugunduliwa bure kwa betri moja ya volti 1.5. Nagusisha upande wa chanya wa betri kwenye kishikizo chekundu cha spika ya kushoto na upande wa hasi kwenye cheusi, kwa kugusa tu na kuachia. Mmeona koni ya wufa imeruka mbele. Nafanya vivyo hivyo kwa ya kulia, nayo imeingia ndani: kuna mtu aliwahi kuifungua na kuziunga waya kinyume. Spika mbili za namna hii zikipiga wimbo mmoja, moja inasukuma hewa wakati mwenziwe anaivuta, na besi hujifuta zenyewe kwa zenyewe, mwenye nyumba akaenda kununua sabufa ambayo hakuihitaji.

Nimalizie na chumba, ambacho hakiandikwi kwenye boksi lolote. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, na katika chumba chenye urefu wa mita 4 wimbi la hezi 43 hujikuta nusu ya urefu wake imetoshea barabara kati ya kuta mbili, likavuma kupita kiasi karibu na kuta na kukaribia kupotea katikati. Mapazia mazito, mazulia na makochi hutuliza milio ya juu inayorukaruka kwenye vigae, lakini besi huyapita kama hayapo. Dawa iliyobaki ni kuhamisha. Iwekeni sabufa juu ya kochi, mahali kichwa chako hukaa unaposikiliza, chezesha wimbo wenye besi inayotembea nota baada ya nota, kisha piga magoti uzunguke pembezoni mwa chumba, sikio likiwa chini. Utakuta mahali nota moja inanguruma na nyingine zimemezwa, na utakuta mahali zote zinasikika kwa uzito unaolingana. Hapo pa pili ndipo uishushe sabufa, hata kama ni nyuma ya mlango.